Supu ya Mbulu na Hanang: Tangu Vyungu vya Luxmanda

Mwaka 2012 watafiti wa mambo ya kale waligundua mabaki ya makazi ya zamani mahali paitwapo Luxmanda, kwenye nyanda za juu za Mbulu, upande ambao leo ni wilaya ya Babati. Kikosi kilichochimba hapo, akiwamo Profesa Audax Mabulla wa Tanzania pamoja na Mary Prendergast na Katherine Grillo wa Marekani, kilikuta mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na vigae vya vyungu kwa wingi. Umri wake ni kama miaka 3,000. Kati ya makazi yote yanayojulikana ya wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki, haya ndiyo makubwa kuliko yote na ndiyo yaliyo kusini zaidi. Mwaka 2017 wanasayansi walipima vinasaba vya mtoto mchanga wa kike aliyezikwa hapo. Walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, na sehemu iliyobaki ni ya Afrika.

Watu hao walikula nini? Chungu cha udongo hunyonya mafuta ya kile kinachochemshwa ndani yake, na mafuta hayo hukaa humo hata baada ya maelfu ya miaka. Mwaka 2020 Grillo na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania. Ndani ya vigae hivyo walikuta alama za maziwa, za nyama na za mimea. Nyama iliyoachia mafuta yake kwenye udongo ni nyama iliyochemshwa, na maji yaliyoichemsha hayakumwagwa na mtu aliyetoka kuyateka mbali. Kwa hiyo nasema bila wasiwasi kwamba supu imenywewa katika nchi hii kabla hata ya majina ya makabila tunayoyajua leo. Wanaodhani ni chakula cha mjini kilichokuja na chapati na ndimu wanaanza hadithi katikati.

Jirani na Luxmanda, katika bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, waliishi na bado wanaishi Wahadzabe, watu wa upinde, mizizi na asali. Katika miaka ya 1980 watafiti James O'Connell, Kristen Hawkes na Nicholas Blurton Jones walikaa nao wakiandika jinsi mnyama anavyochinjwa, anavyobebwa na anavyogawanywa. Mwaka 1993 mtafiti mwingine, James Oliver, aliandika juu ya mifupa peke yake. Alionyesha kwamba mfupa kwa Wahadzabe huvunjwa mara mbili, kwa sababu mbili. Kwanza huvunjwa pale pale porini, uboho unyonywe ungali mbichi au umepashwa moto kidogo. Kisha, kambini, vichwa vya mifupa na vipande vya uti wa mgongo hupondwa vidogo ili vienee kwenye chungu na kutoa mafuta yake ndani ya maji. Ukubwa wa chungu ndio unaoamua ukubwa wa kipande cha mfupa. Ni jambo dogo, lakini kwa mchimbaji wa Luxmanda au wa pango lolote la Eyasi lina uzito: rundo la mifupa iliyopondwa linaweza kumwambia kwamba hapa palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na supu. Vyombo vyenyewe Wahadzabe walivipata kwa kubadilishana na majirani, wakitoa nyama na asali.

Majirani hao ni Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, na Wadatoga, ambao tawi lao kubwa upande wa Hanang ni Wabarabaig. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti, na wote ni watu wa ng'ombe. Ila namna zao zilitofautiana. Mwiraqw alikuwa mkulima na mfugaji kwa pamoja; kitovu cha nchi yake, Irqwar Da'aw, ni milima ya Kainam na Mama Isara, nchi ya baridi na ukungu, mashamba ya mtama kwenye miteremko na ng'ombe wanaolala nyumba moja na watu. Mbarabaig alifuata malisho na maji chini ya Mlima Hanang, ule wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kwenye tambarare za Basotu na kandokando ya Ziwa Balangida.

Jambo moja waliafikiana bila kuambiana: ng'ombe hachinjwi ovyo. Ng'ombe ni mahari, ni fidia, ni akiba, ni maziwa ya kesho. Aliyechinjwa alichinjwa kwa sababu: msiba wa mzee, harusi, ugonjwa, mgeni mkubwa, au tambiko la kutakasa nchi kama lile Wairaqw wanaloliita masay. Basi siku hiyo mnyama mmoja alipaswa kuwafikia watu wengi. Nyama ilikuwa na wenyewe kufuatana na umri, jinsia na ukoo. Wazee walijua sehemu yao, akina mama yao, vijana yao. Supu haikubaguliwa hivyo. Mafupa, kichwa, miguu na matumbo viliingia chunguni, maji yakaongezwa, na aliyefika akiwa amechelewa alikuta bado kuna kitu cha moto cha kumpa. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha historia nzima: supu ilikuwa njia ya kumgawa mnyama hata baada ya nyama kwisha.

Lakini palikuwa na supu nyingine isiyokuwa ya wote, nayo ni supu ya dawa. Wadatoga, sawa na jirani zao Wamasai, huchemsha nyama yenye mafuta pamoja na magome na mizizi ya miti. Kwa Wamasai inajulikana sana ile ya olkiloriti, aina ya mgunga, ambayo vijana huinywa wanapokwenda porini kula nyama kwa siku kadhaa. Magome huchemshwa mpaka maji yawe mekundu kama chai iliyokolea, halafu hutiwa kwenye supu, na mchanganyiko hupekechwa kwa kipekecho cha mti mpaka povu lipande na mafuta yasielee tena juu. Ukinywa, unaanza kwa ukakasi unaokaza ulimi, kisha uchungu, halafu ladha ya nyama ndiyo inayobaki mwishoni. Mwaka 1997 kundi la watafiti, miongoni mwao Timothy Johns wa Canada na R. L. A. Mahunnah wa Tanzania, walichapisha uchunguzi wa mimea inayotiwa kwenye supu za Wamasai. Walikuta baadhi ina saponini, kemikali zinazotoa povu kama la sabuni, na ambazo zinaweza kushikana na lehemu kabla haijaingia kwenye damu. Watu waliokuwa wakila mafuta mengi ya wanyama walikuwa pia wakinywa kitu kinachoweza kuyadhibiti. Mzee wa Hanang hakuhitaji maabara kujua hilo. Yeye alisema tu kwamba nyama bila mti inalaza, nyama yenye mti inaamsha.

Supu nyingine yenye heshima yake ilikuwa ya mzazi. Mwanamke aliyejifungua, kwa Wadatoga, alikaa ndani muda mrefu akilishwa na wenzake, bila kazi nzito. Maziwa, samli na supu ya mafuta vilimrudishia damu na kumletea maziwa ya mtoto. Desturi hii haiko Hanang peke yake. Kilimanjaro mzazi hupewa mtori, ndizi zilizopondwa katika supu ya nyama. Pwani hupewa supu ya kuku yenye pilipili manga. Nchi nzima inakubaliana kwamba mtu aliyemwaga damu aanze kwa kitu cha moto chenye mafuta. Bakuli la mzazi ndilo bakuli pekee katika boma ambalo mwanamke alitangulizwa kuliko mwanamume, na kwa hilo peke yake lingestahili kukumbukwa.

Na siku zisizo na mnyama? Hizo ndizo zilikuwa nyingi. Hapo ndipo inapoingia mlenda, ambao baadhi ya wapishi watanigombeza kwa kuuweka karibu na supu. Majani mabichi au yaliyokaushwa na kusagwa huchemshwa kwa maji na magadi kidogo mpaka yavute, ugali ukateremka kooni bila shida. Majani ya maboga, mnavu na mgagani yalipikwa pia, mara nyingi kwa maziwa. Magadi na chumvi havikutoka dukani. Ziwa Balangida na Ziwa Eyasi hukauka kingo zake wakati wa kiangazi na kuacha ganda jeupe, na watu walisafiri kwenda kulikwangua. Chumvi hiyo ilitembea kwa miguu kutoka boma hadi boma, ikabadilishwa kwa nafaka, na bila hiyo supu ya Irqwar Da'aw ingekuwa maji ya mifupa tu.

Kisha ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huo ulishuka kutoka kaskazini ukafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Inakadiriwa kwamba mahali pengi 9 kati ya kila 10 walikufa. Kwa muda mfupi palikuwa na nyama kuliko uwezo wa watu kuila, halafu hapakuwa na nyama kabisa, wala maziwa, wala mahari. Njaa na ndui vilifuata. Wamasai, waliokuwa wakizuia njia za kaskazini, walidhoofika, na katika miongo iliyofuata Wairaqw walianza kutoka kwenye milima yao iliyojaa watu na kwenda Karatu, Dongobesh na baadaye Haydom. Wajerumani walijenga boma lao Mbulu, kisha Waingereza wakalirithi.

Ukoloni haukubadili mapishi moja kwa moja. Ulibadili sababu ya kumtoa ng'ombe zizini. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana mnadani. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliona Mbulu ina mifugo kuliko ardhi inavyoweza kubeba, ikasukuma watu wapunguze ng'ombe. Wakati huo huo, mwishoni mwa miaka ya 1940, ilianzishwa kampuni ya Tanganyika Packers kwa ubia wa serikali na kampuni ya Liebig, na kiwanda chake kikajengwa Kawe, Dar es Salaam. Wakazi wa jiji wanaujua uwanja wa Tanganyika Packers kwa mikutano ya hadhara. Wachache wanakumbuka kwamba jina lake ni la kiwanda cha nyama ya kopo, kilichonunua ng'ombe katika minada ya bara.

Liebig mwenyewe anastahili kutajwa hapa, kwa sababu kampuni hiyo ilizaliwa kwenye supu. Justus von Liebig, mkemia Mjerumani, alibuni njia ya kuchemsha nyama mpaka ibaki rojo zito jeusi; mwaka 1865 ikaundwa kampuni ya kulitengeneza kule Fray Bentos, Uruguay. Zaidi ya kilo 30 za nyama zilitoa kilo 1 ya rojo hilo. Liliuzwa Ulaya kama nguvu ya ng'ombe mzima ndani ya kichupa, mpaka wataalamu wengine walipoonyesha kwamba lina ladha tu na lishe yake ni ndogo sana. Wafaransa walikuwa wamelijua hilo mapema zaidi. Hospitali za Paris ziliwahi kuwapa maskini supu ya mifupa iliyotengenezwa kwa mashine, na mwaka 1841 kamati iliyoongozwa na François Magendie ikatoa taarifa kwamba wanyama waliolishwa gundi ya mifupa peke yake walikonda na kufa. Nitalirudia jambo hili mbele.

Pigo lililoibadili Hanang zaidi lilikuja baada ya Uhuru. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianza kulima ngano kwa matrekta makubwa kwenye tambarare za Basotu. Mashamba yakaongezeka hadi 7: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd, jumla yake kama ekari 100,000. Nia ilikuwa njema, taifa lijitosheleze kwa mkate. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, yenye makaburi ya wazee wao na njia za ng'ombe kwenda kwenye maji na chumvi. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Charles Lane, aliyeishi nao na kuandika kitabu kuhusu malisho hayo yaliyopotea, alieleza jinsi mifugo ilivyosongamana kwenye ardhi duni iliyobaki na jinsi familia zilivyofukarika.

Boma lenye ng'ombe wachache halichinji. Mnyama anayeweza kuuzwa anauzwa, na nyama inarudi kijijini kupitia bucha, kwa kilo. Hapo ndipo supu ilipotoka bomani kwenda gulioni. Na ajabu ni kwamba imefika huko ikiwa na chapati ya ngano pembeni yake. Nikimtazama mzee wa Kibarabaig amekaa kwenye benchi kule Katesh, Hanang, shuka begani, akichovya chapati kwenye supu aliyoinunua, naona pande mbili za kesi ile zimekutana kwenye bakuli moja.

Mnada wa Katesh hufanyika kila mwezi na hukusanya watu kutoka Singida, Babati na Mbulu. Pembeni ya zizi la ng'ombe kuna mabanda ya nyama choma, na pembeni ya choma kuna sufuria za supu. Kazi ya supu ya makongoro huanza jana yake. Miguu ya ng'ombe hulazwa kwenye moto mpaka manyoya yaungue na kwato zilegee. Kwato hung'olewa, ngozi iliyoungua hukwanguliwa kwa kisu chini ya maji mpaka ibaki na rangi ya kahawia iliyopauka. Kisha mguu hupasuliwa kwa shoka katika vipande vya kujaa kiganja, ukawekwa kwenye sufuria pana na chumvi na tangawizi iliyopondwa, kuni zikaachwa ziwake polepole usiku kucha. Alfajiri supu inakuwa nzito kiasi kwamba tone likidondoka mezani linagandisha karatasi. Mteja akifika huulizwa swali moja.

“Shikamoo mzee. Nikuwekee kongoro au utumbo?”

“Marahaba, mwanangu. Changanya. Na mfupa usininyime.”

Huja pilipili kichaa na kipande cha ndimu, na kwa baridi ya Juni ya nyanda hizi hakuna anayeondoka mapema. Wapo wa supu ya kichwa, yenye ulimi na nyama ya shavu. Wapo wa mkia. Wapo wa mbuzi, ambao hawataki kusikia habari ya ng'ombe. Kwenye mwambao wa Ziwa Basotu kuna supu ya perege na kambale. Ya kuku wa kienyeji huwekewa mgonjwa, mgeni na mkwe. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia katika mikoa kadhaa ya Tanzania, Manyara ikiwamo, na minada ikafungwa katika maeneo mengi, kuku na samaki ndio waliokimbiliwa. Ugonjwa ulipopita sufuria za makongoro zikarudi mahali pake.

Sasa nirudi kwa Magendie. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955 katika wilaya ya Mbulu, ilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti uitwao MAL-ED, ulioanza mwaka 2009 kufuatilia watoto tangu kuzaliwa. Zaidi ya nusu ya watoto waliofuatiliwa Haydom walikuwa wamedumaa walipofika miaka 2. Sababu ni nyingi, zikiwamo vijidudu vya tumboni na maji machafu, na chakula chenyewe kimo: mahindi kwa wingi, vyakula vya wanyama kwa uchache. Hili linatokea katika nchi ya ng'ombe. Nyumba nyingi huamini kwamba mtoto aliyepewa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa nyama amekula nyama. Hajala. Maji ya supu yana chumvi, ladha, mafuta kidogo na gundi ya mfupa, ile ile iliyowakondesha wanyama wa Magendie. Protini ya kujenga mwili na madini ya chuma vimebaki kwenye mnofu, kwenye ini na kwenye bandama, ambavyo mara nyingi viko kwenye sahani ya baba.

Mzazi wa Kidatoga alipewa bakuli lenye mafuta na nyama yake ndani, kwa sababu wazee walijua supu bila kitu cha kutafuna haimwinui mtu. Mtoto wa leo wa Haydom, Dongobesh au Katesh anastahili bakuli la namna hiyo hiyo. Mama, baba, nyanya unayelea mjukuu: siku nyama ikipikwa, hata robo kilo, toa mnofu au ini, ponda laini, mpe mtoto kwanza, ndipo wengine mgawane supu.